Usafi na ulinzi wa skuli ukikabidhiwa kampuni: mwongozo kamili kwa walimu wakuu na kamati za skuli Zanzibar

Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, msaidizi wake, na wajumbe wa kamati ya skuli ya Serikali, Unguja au Pemba, walioambiwa kwamba usafi, ulinzi au upishi wa dakhalia (bweni) utafanywa na kampuni binafsi. Utamfaa pia ofisa wa wilaya anayekusanya mahitaji ya skuli zake.

Nimeuandika kwa sababu makosa yanayorudi ni yale yale. Skuli inapeleka mahitaji ya mstari mmoja: "usafi wa skuli na mlinzi mmoja." Kampuni yenye bei ya chini kuliko zote inapewa kazi. Ikifika mwezi wa tatu vyoo vinanuka, mlinzi haendi kwake kwa kuwa hana wa kumpokea, wasafishaji hawajalipwa, na mwalimu mkuu akilalamika anaulizwa mkataba unasemaje. Anaufungua na kukuta hausemi kitu.

Kabla hujaendelea, lishike hili: katika kazi hizi sehemu kubwa ya fedha ni mishahara ya watu. Mitambo hakuna, na vifaa ni sabuni, ndoo na fagio. Kwa hiyo bei ikishuka chini ya mshahara halali, kinachopungua hakitoki mfukoni mwa kampuni, kinatoka kwa yule mama aliyeinama chooni saa kumi na mbili asubuhi. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Kwa kawaida skuli haitii saini mkataba. Anayetia saini ni taasisi nunuzi iliyo juu yako, yaani ofisi ya Serikali yenye mamlaka ya kununua huduma, kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016. Lakini mahitaji unayaandika wewe, kazi unaiona wewe kila siku, na karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi imefanyika inahitaji saini yako. Nguvu hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kusanya hivi kwanza. Ukikosa kimoja, hatua fulani mbele itakukwama.

- Orodha ya watu wote wanaofanya kazi zisizo za kufundisha, pamoja na wale wanaolipwa posho ya mkononi.
- Mchoro wa skuli, hata wa penseli: mabanda, vyoo, matangi ya maji, mageti, stoo, maabara, mahali pa kuswalia.
- Ratiba ya mikondo ya masomo, pamoja na ratiba ya Ijumaa na ya mwezi wa Ramadhani.
- Tangazo la kima cha chini cha mshahara linalotumika sasa. Liombe ofisi ya kazi iliyo karibu nawe.
- Viwango vya michango ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) vya mwajiri na mwajiriwa, kutoka ZSSF wenyewe.
- Bei za sokoni za sabuni, dawa ya choo, mopa, ndoo, glavu, buti na mafagio, kwa mahitaji ya mwezi mmoja.
- Saa au simu ya kupimia muda, na madaftari mawili magumu.

## Hatua ya 1: Jua nani ni mwajiriwa wa nani

Anza na watu, si na majengo. Ndani ya skuli moja unaweza kukuta aina tatu za wafanyakazi wasaidizi, na kila aina ina haki yake.

Wa kwanza ni watumishi wa umma, wenye barua ya ajira ya Serikali. Hao wako chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kumwambia mtumishi wa umma "kuanzia mwezi ujao wewe ni wa kampuni." Hatima yao, yaani wahamishwe skuli nyingine, wabadilishiwe kazi au wabaki, inaamuliwa na mwajiri wao kwa maandishi.

Wa pili ni wenye mikataba ya muda. Soma mkataba wa kila mmoja unaisha lini. Kampuni isiingie kabla ya mkataba kwisha, au utakuwa na watu wawili juu ya fagio moja, na mmoja ana haki ya kudai.

Wa tatu ndio wanaosahauliwa: mlinzi na msafishaji walioletwa na kamati, wanaolipwa kutokana na michango ya wazazi, bila karatasi yoyote. Wanakamati husema "huyo hatukumwajiri, tunampa posho tu." Posho haifuti ajira. Mtu aliyekuja kila siku kwa miaka, akapangiwa kazi na akalipwa kila mwezi, anaweza kusimama mbele ya Kamisheni ya Kazi akaitwa mwajiriwa, na kamati ikaitwa mwajiri. Kaa naye, mwandikie tarehe aliyoanza na malipo aliyopata, na kama anadai chochote kimalizwe kabla ya makabidhiano.

Kwa nini: migogoro mingi ya makabidhiano haihusu kampuni mpya. Inahusu deni la zamani ambalo hakuna aliyeliandika.

Tahadhari: usimwahidi mtu kwamba "kampuni itakuchukua" mpaka sharti hilo liwemo kwenye zabuni. Unaloweza kufanya ni kupendekeza liandikwe kwamba kampuni itawapa nafasi ya kwanza wafanyakazi waliopo wenye sifa. Mimi nalipendekeza kwa nguvu. Msafishaji wa siku nyingi anajua bomba lipi linavuja na ni tundu lipi la choo linaziba masika, na elimu hiyo haiko kwenye karatasi.

Umefanikiwa ikiwa: mbele ya kila jina kuna aina ya ajira, tarehe ya kuanza, na hatua itakayofuata, na kila mhusika ameisoma na kuikubali kumbukumbu yake.

## Hatua ya 2: Pima kazi kwa saa

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

### Vyoo

Usiandike "vyoo vya wanafunzi." Hesabu matundu, kisha mwombe msafishaji uliye naye asafishe banda moja la vyoo kama linavyotakiwa kusafishwa, nawe upime muda: kumwaga maji, kusugua, kutia dawa, kusuuza, kukausha sakafu, kujaza ndoo au kukagua bomba. Gawa muda kwa idadi ya matundu.

Tuseme imetoka dakika 5 kwa tundu na skuli ina matundu 24. Hizo ni dakika 120, saa mbili za mtu mmoja kwa mzunguko mmoja. Sasa tazama ratiba. Skuli yenye mikondo miwili ina kipindi kifupi kati ya wanafunzi wa asubuhi kutoka na wa mchana kuingia. Kikiwa nusu saa, ndani yake unahitaji watu wanne kwa pamoja. Ukiweka mmoja, mkondo wa mchana utatumia vyoo vichafu kila siku ya Mungu, na hakuna kampuni duniani itakayolirekebisha hilo kwa "kujituma."

### Ulinzi

Hesabu ya mlinzi ndiyo inayopotosha watu zaidi. Lindo moja, yaani sehemu moja inayolindwa, la saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Kwa zamu za saa nane, hizo ni zamu 21. Mtu anayefanya zamu sita na kupumzika siku moja anazibeba 6 tu. Gawa 21 kwa 6 unapata 3.5, maana yake walinzi wanne kwa lindo moja. Lindo la usiku pekee, saa 12 kila usiku, lina saa 84 kwa wiki, na mtu mmoja halimudu.

Kwa hiyo ukiandika "mlinzi mmoja," kampuni itakuletea mlinzi mmoja kweli. Ukimkuta getini saa nne asubuhi, macho mekundu, atakwambia: "Mwalimu, wa kunipokea hajaja tangu jana. Nikiondoka, nani atabaki?" Utaona huruma, utampa chai, lakini kosa lilianzia kwenye karatasi ya mahitaji. Andika "lindo," kisha idadi ya zamu, kisha idadi ya watu.

### Maji

Msafishaji bila maji ni jina tu. Andika tangi lina ujazo gani, nani anafungua pampu, saa ngapi, na nani analipia umeme wake. Andika pia itakuwaje siku maji ya bomba yasipotoka: je, maji ya boza yanaletwa na skuli au na kampuni? Suala hili likiachwa wazi, ndilo litakalokuwa kisingizio cha kila mwezi.

### Dakhalia

Kama kuna dakhalia, pima upishi kwa milo na si kwa wapishi. Mwezi wa Ramadhani milo inahama: futari iwe tayari kabla ya magharibi, na daku ipikwe usiku wa manane. Kampuni isiyoelezwa hilo mapema itakuja kudai nyongeza katikati ya mfungo, wakati huna pa kukimbilia.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kumwonesha mgeni karatasi moja yenye idadi ya matundu, madarasa, malindo, zamu na watu, na kila namba ina hesabu yake nyuma.

## Hatua ya 3: Andika jedwali la kazi, si sifa

Maneno kama "usafi wa hali ya juu" na "ulinzi madhubuti" hayapimiki. Andika kitu ambacho watu wawili wakikitazama watakubaliana kimefanyika au hakikufanyika. Mfano:

> Matundu yote 24 ya vyoo vya wanafunzi yatasafishwa mara tatu kila siku ya masomo: kabla ya saa moja asubuhi, kati ya mkondo wa asubuhi na wa mchana, na baada ya mkondo wa mchana. Baada ya kila usafi sakafu itakuwa kavu, hakutakuwa na kinyesi kinachoonekana, na kila tundu litakuwa na maji ya kutawadhia na sabuni ya kunawia nje.

Fanya hivyo kwa kila eneo. Madarasa, ngazi na varanda ni rahisi, hayahitaji maneno mengi. Maeneo haya ndiyo yanayosahauliwa:

Vyoo vya wasichana. Taja ndoo zenye mfuniko za kutupia pedi, mara ngapi zitatolewa, na zitateketezwa wapi. Msafishaji wa vyoo hivyo awe mwanamke, na liandikwe.

Skuli za ghorofa. Nani anasafisha madirisha ya juu, na kwa kifaa gani? Kama hakuna kifaa salama, kazi hiyo iondolewe kwenye orodha. Mtu asitumwe kusimama kwenye kingo ya dirisha.

Kazi za wanafunzi. Kufagia darasa lao asubuhi kwa fagio la chelewa ni malezi, na sioni sababu ya kulifuta. Kushika dawa za choo si kazi ya mtoto. Mstari huo uandikwe, ili kampuni isije kuwatumia wanafunzi siku ambayo haikuleta watu.

Dawa. Weka sharti kwamba dawa ya choo yenye asidi haichanganywi na jiki, kwa namna yoyote. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu, na chumba cha choo ni kidogo. Zihifadhiwe mbalimbali, kwenye chupa zenye majina, ndani ya stoo inayofungwa. Anayezitumia awe na glavu na buti, vilivyonunuliwa na kampuni.

Umefanikiwa ikiwa: unampa jedwali mjumbe wa kamati ambaye hakushiriki kuliandika, anazunguka nalo skuli, na anarudi na alama za "ndiyo" au "hapana" bila kukuuliza maana.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya bei ya chini wewe mwenyewe

Fanya hesabu hii kabla ya bei ya kampuni yoyote kujulikana. Ukisubiri kuona bei zao, utazoea namba ndogo na kuiona ya kawaida.

Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi Zanzibar kilipandishwa hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Tumia kiwango kilicho kwenye tangazo lililopo wakati unasoma hapa. Mimi natumia hicho kama mfano.

Skuli yetu ya mfano ina wasafishaji 6 na lindo moja la saa 24 lenye walinzi 4. Jumla watu 10.

347,000 × 10 = 3,470,000.

Hiyo ni mishahara mitupu. Juu yake ongeza mchango wa mwajiri wa ZSSF, fedha za kumlipa mbadala mtu akiwa likizo au akiugua, sabuni na dawa, vifaa, sare, tochi na buti, msimamizi, kodi na tozo za Serikali, kisha faida ya kampuni. Faida si dhambi. Kampuni isiyopata faida halali itatafuta isiyo halali.

Sasa chukulia kampuni imeleta bei ya shilingi 3,600,000 kwa mwezi. Toa mishahara, zinabaki 130,000. Je, laki moja na thelathini inatosha ZSSF ya watu kumi, sabuni ya mwezi, kodi na faida? Haitoshi hata kidogo. Kampuni hiyo imeshaamua kulipa chini ya kima, au kuleta watu sita na kuandika kumi, au kutopeleka michango. Wewe umeliona kabla halijatokea.

Peleka hesabu hiyo kwa taasisi nunuzi kwa barua, ikiambatana na jedwali la kazi, na uombe kila mzabuni aoneshe mchanganuo: mshahara wa kila nafasi, ZSSF, vifaa, gharama za usimamizi, faida. Bei ya jumla peke yake haifichui kitu.

Tahadhari: hesabu yako ni siri mpaka zabuni zifunguliwe. Usimpe mtu wa kampuni, hata kama ni jirani au mtu wa nyumbani. Na kama una ndugu ndani ya kampuni inayoomba, jitoe kwa maandishi.

Umefanikiwa ikiwa: una namba moja, iliyosainiwa na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati, yenye tarehe ya kabla ya kufunguliwa kwa zabuni.

## Hatua ya 5: Hakikisha vifungu hivi vimo

Kosa linaloumiza sana Zanzibar ni kunakili mkataba wa kampuni ya Bara kama ulivyo. Unakuta skuli ya Micheweni ina mkataba unaotaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hizo ni za Tanzania Bara. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Hapa tunatumia Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, na mfuko wa ZSSF. Ukiona majina ya Bara kwenye rasimu, irudishe siku hiyo hiyo.

Kisha omba vifungu hivi viandikwe waziwazi:

Mshahara kutajwa kwa shilingi. Kila nafasi na mshahara wake, na tarehe ya mwisho ya kulipa kila mwezi. Kampuni ilipe watu wake hata kama malipo ya Serikali yamechelewa, kwa muda utakaokubaliwa. Kama haina mtaji wa kubeba mwezi mmoja au miwili, haijawa tayari kwa kazi hii. Wazo la kulinda mshahara ndani ya mkataba wa umma si geni: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 94 kuhusu jambo hilo tangu mwaka 1949.

Ushahidi kabla ya malipo. Ankara ya mwezi haipokelewi bila uthibitisho wa mishahara na ZSSF ya mwezi uliotangulia. Kifungu hiki kimoja kina uzito kuliko kurasa kumi za maonyo.

Makato yanayojulikana. Kiasi gani kinakatwa lindo likikosa mtu kwa zamu, na banda la vyoo lisiposafishwa kwa mzunguko. Iandikwe kwamba makato ni ya kampuni na hayashushwi kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Ulinzi wa watoto. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inatutaka tumlinde mtoto, na mtu wa kampuni anaingia mahali penye watoto mia kadhaa. Kila anayeletwa awe na kitambulisho, barua ya sheha wa shehia anakoishi, na uthibitisho wa polisi. Mlinzi wa kiume haingii ndani ya dakhalia ya wanawake isipokuwa kwa dharura, tena akiwa na mwalimu. Skuli iwe na haki ya kumkataa mtu papo hapo kwa kosa dhidi ya mtoto, na kampuni ilete mwingine siku hiyo.

Kubadilisha watu. Kampuni isibadilishe mtu bila taarifa ya maandishi. Sura mpya getini kila wiki ni hatari kuliko geti lisilo na mtu.

Umefanikiwa ikiwa: una nakala kamili ya mkataba, pamoja na viambatisho, ndani ya ofisi yako. Ukiambiwa "mkataba uko wizarani," uandikie barua ya kuuomba. Huwezi kusimamia usichokisoma.

## Hatua ya 6: Ikague kampuni kabla ya kazi

Kazi hii ni ya taasisi nunuzi, lakini unaweza kusaidia. Angalia usajili wa BPRA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali), leseni ya biashara na uthibitisho wa kodi wa ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar). Piga simu skuli au hospitali ambayo kampuni inasema iliwahi kuihudumia, na usiongee na mkuu tu. Omba kuongea na msafishaji au mlinzi, na umuulize mambo mawili: mshahara unaingia tarehe ngapi, na ZSSF yako unaiona?

## Hatua ya 7: Siku ya makabidhiano

Chagua siku isiyo na wanafunzi, na kamwe isiwe wiki ya mitihani.

Zunguka skuli nzima na msimamizi wa kampuni, mjumbe wa kamati na mmoja wa wafanyakazi wa zamani. Andikeni hali ya kila mahali: kioo kilichovunjika, bomba linalovuja, kitasa kibovu, taa iliyoungua. Piga picha. Hesabuni funguo, mpeane kwa saini, moja moja na jina la mlango wake.

Kwa nini: baada ya miezi sita kitu kikiibiwa au kikiharibika, swali la kwanza litakuwa kama kilikuwepo. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hiyo hiyo kusanya wafanyakazi wa kampuni wote, uwasomee jedwali la kazi kwa sauti, na uwape nakala. Wengi hawajawahi kuliona. Waoneshe pa kubadilishia nguo, pa kuswalia, pa kunywea maji na choo watakachotumia wao. Ni aibu kumwajiri mtu asafishe vyoo 24 na asiwe na pa kuweka nguo zake.

## Hatua ya 8: Daftari la kila siku, na saini ya mwezi

Daftari la kwanza linakaa getini. Lina tarehe, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Kila mtu anajiandikia mwenyewe. Msimamizi wa kampuni haruhusiwi kuwaandikia wenzake. Jioni daftari linalala ofisini kwako, si kwenye begi la msimamizi.

Daftari la pili ni la ukaguzi. Mwalimu wa zamu anazunguka na jedwali la kazi mara mbili kwa siku, saa zisizozoeleka, na kuweka alama. Mara moja kwa wiki mjumbe wa kamati aje bila taarifa, ikiwezekana usiku, aone kama lindo lina mtu. Aandike alichokiona na saa aliyokiona: "Banda la B, matundu 3 hayana maji, saa 6:50 mchana." Neno "uchafu" peke yake halimkati mtu hata shilingi.

Mwisho wa mwezi kampuni itakuletea karatasi ya kuthibitisha kazi. Kabla ya kusaini, weka mezani:

1. Jumla ya zamu na siku za kazi kutoka daftari la geti, ilinganishwe na idadi iliyo kwenye mkataba.
2. Alama za ukaguzi, na makato yaliyotokana nazo.
3. Uthibitisho wa benki au wa malipo ya simu kwamba mishahara ya mwezi uliopita ilifika, kwa kila jina lililo kwenye daftari la geti.
4. Uthibitisho wa ZSSF wenye majina hayo hayo.

Linganisha majina, usilinganishe jumla tu. Jina lililo kwenye orodha ya malipo na halipo getini ni mfanyakazi hewa. Jina lililo getini na halipo kwenye ZSSF ni mtu anayenyang'anywa uzee wake kidogo kidogo.

Usiishie kwenye karatasi. Zungumza na wafanyakazi wawili watatu, kila mmoja peke yake, mbali na msimamizi. Anza na salamu na habari za nyumbani, kisha uulize: "Mama, mwezi huu umepokea?" Waeleze kwamba kila mmoja anaweza kufika ZSSF na kuomba taarifa ya michango yake mwenyewe. Usimtaje aliyekwambia, kwa yeyote.

Karatasi hizi zina mishahara na namba za watu. Zifungie kabatini, na zisipigwe picha za kutumwa kwenye makundi ya simu.

Tahadhari: utaombwa usaini "kwa sasa," vielelezo vitafuata, kwa kuwa bila saini yako wafanyakazi hawatalipwa. Ombi hilo linagusa moyo, na ndiyo maana linatumika. Ukisaini mwezi wa kwanza bila vielelezo, hutavipata mwezi wa pili. Kama kazi imefanyika ila vielelezo havijatimia, andika hivyo hivyo juu ya karatasi, na uipeleke taasisi nunuzi na barua yako siku hiyo, ili fedha zisikae kwako.

Umefanikiwa ikiwa: kila mwezi una faili moja lenye vitu hivyo vinne, na mtu mwingine akishika nafasi yako anaweza kuendelea bila kukuuliza.

## Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Mwandikie msimamizi kwanza, siku hiyo hiyo, ukitaja kifungu cha mkataba na tarehe. Akinyamaza, andika kwa kampuni yenyewe na nakala kwa taasisi nunuzi. Malalamiko ya mdomo hayahesabiki, hata kama yalitolewa mbele ya mkutano.

Usimwadhibu msafishaji kwa kosa la kampuni. Kama sabuni haikuletwa, yeye hana alilokosa. Na usimtume kazi zako: kumfulia mwalimu, kubeba mizigo, kulinda shamba la mtu. Ukifanya hivyo umejivua haki ya kuidai kampuni.

Mishahara ikikosekana, wafanyakazi wana njia yao. Wakaripoti Kamisheni ya Kazi, na mgogoro unaweza kupelekwa kwenye Kitengo cha Kushughulikia Migogoro kilichoundwa chini ya Sheria ya Uhusiano Kazini. Wana haki pia ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Madai ya kazi yana muda wa mwisho wa kuwasilishwa, kwa hivyo wasikae wakisubiri ahadi za "wiki ijayo." Daftari lako la geti ndilo litakuwa shahidi wao mkubwa, kwa hiyo wakiomba nakala ya kurasa zenye majina yao, wape.

Mkataba ukikaribia mwisho, usisubiri mwezi wa mwisho. Rudia vipimo vya Hatua ya 2 miezi minne kabla, kwa kuwa idadi ya wanafunzi na ya vyoo haikai pale pale. Na malipo ya mwezi wa mwisho yasithibitishwe mpaka funguo zote zirudi kwa orodha ile ile ya siku ya makabidhiano, na kila mfanyakazi awe amepata mshahara wake, malipo ya likizo anayodai, na uthibitisho wa ZSSF hadi siku aliyotoka.